Wanne Kwenye Mkanda

Scolastika na mdogo wake Evance walikuwa na studio ya picha pale Kharumwa, lakini kuhusu kamera hawakuwahi kuelewana. Evance alitumia kamera ndogo ya dijitali inayoingia mfukoni. Ukipiga, picha unaiona palepale. Scolastika alishikilia kamera ya filamu ya marehemu baba yao, ile ya kuzungusha lenzi mpaka vivuli viwili kwenye kidirisha viwe kimoja.

"Dada, mpaka upatanishe vivuli vyako, bibi harusi ameshazeeka," Evance alikuwa akimtania.

Jumanne hiyo walikwenda machimboni kupiga picha za vitambulisho. Kabla ya kushuka, wachimbaji wanne waliomba picha ya pamoja mdomoni mwa duara, shimo lao la kuchimbia. Ndugu wote wawili wakapiga. Saa nne duara likatitia, nao wakiwa chini.

Kufikia saa saba walikuwa wametolewa watatu, hawajitambui, wakakimbizwa hospitali. Valerian, mwenye duara, akamwambia afisa wa madini aliyefika kusimamia uokoaji, "Wameisha. Walioshuka walikuwa watatu tu, orodha hii hapa."

Scolastika akashtuka. Na Luka je, yule kijana wa Kishapu aliyekuwa akicheka pembeni mwa wenzake? Aliwatazama wachimbaji wengine, wakainamisha vichwa. Wote walijua kwamba Valerian alishapigwa marufuku kuchimba upenyo wa kushoto, na wote walimtegemea kwa kazi ya kesho. Bila picha, neno lake peke yake lisingeishinda orodha.

Evance aliwasha kamera yake, akaanza kumfuata afisa aliyekuwa ng'ambo ya kifusi. Hakufika. Nyuma ya banda la winchi, mlinzi wa Valerian alimkaba, akachomoa kadi ya kamera na kuivunja vipande viwili. Kisha akamgeukia Scolastika, aliyekuwa amemfuata mdogo wake.

"Na hilo dude lako? Picha zake zinaonekana wapi?"

"Hazionekani. Ni la zamani."

Mlinzi aliigeuza kamera huku na huku akitafuta kioo. Kidole gumba chake kikatulia kwenye kitasa cha mfuniko wa nyuma. Ule mfuniko ukifunguka tu, jua litaunguza filamu yote. Scolastika alijilazimisha kutazama pembeni.

"Bovu?"

"Linasumbua."

Mlinzi akamrushia kamera kifuani.

"Mzuie afisa asiondoke," Scolastika alimnong'oneza Evance, akadandia bodaboda kurudi studio.

Ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa haraka aliyokuwa nayo, mkanda wa filamu ulimponyoka mara mbili. Akamimina dawa. Dakika nane. Kila dakika alimwona Luka chini ya udongo, akihema hewa inayokwisha. Kwa mara ya kwanza aliichukia kamera ya baba yake. Ya Evance ingemaliza ubishi kwa sekunde moja.

Aliporudi, afisa alikuwa ameshawasha gari, na Evance amesimama mbele yake, mikono ameitandaza. Scolastika akauinua mkanda mbichi juani.

"Mama, hapa naona mazimwi tu," afisa alisema. "Weusi wamekuwa weupe."

Evance akaupiga picha kwa simu, akageuza rangi. Nyuso zikajitokeza. Afisa alihesabu kwa kidole, akarudia.

"Huyu wa nne ni nani?"

Valerian alifungua mdomo, lakini mchimbaji mmoja akamtangulia.

"Ni Luka. Alitumwa kushoto."

Afisa alizima gari. Walichimba kwa majembe, kwa mabeseni, kwa mikono. Saa kumi na nusu Luka akatolewa, mguu umevunjika, mdomo umejaa udongo, lakini anapumua. Valerian alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la polisi walioitwa na afisa.

Hapo ndipo Scolastika alipoketi chini kwenye vumbi.

"Dada, umefanya kazi," Evance alisema.

Machozi yakamtoka Scolastika. Evance akautoa mkanda mikononi mwake, akaushika ncha zote mbili usiguse udongo, akasimama hivyo mpaka dada yake alipoweza kunyanyuka.