Mzimu Hauli Chumvi

Siku ya zamu ya maji, wanawake wa ploti ile ya Gitothua walipanga mitungi yao mferejini tangu alfajiri, wakasengenyana kwa raha. Asubuhi hiyo gumzo lilikatika ghafla. Mtungi wa Magdalene ulijaa ukamwagika, na hakuna aliyefunga mfereji. Emmah alikuwa amesimama getini.

Walikuwa wameshamwombea. Mto ulipofurika ulimzoa yeye na mumewe, Njau. Mwili wa Njau ulipatikana, wake ukakosekana, na mchungaji akawafanyia ibada moja. Nguo zake waligawana. Sweta yake ya kijani alikuwa ameivaa Magdalene. Kumbe Emmah alikuwa kitandani hospitalini Thika, hajitambui, hata jina lake halijulikani.

"Nimemfuata mwanangu Kui," alisema.

Mama mkwe wake, Waruguru, akatoka nyumbani na mtoto mgongoni. Hakumsogelea. Aliwaambia wenzake kwamba waliokufa maji hurudi kuchukua watoto, na kwamba mzimu hauli chumvi. Basi iletwe chumvi.

Magdalene akaleta bakuli. Emmah alilamba kiganja kizima, machozi yakimtiririka. Wakamwambia aongeze. Mmoja aliuliza kama mizimu ya siku hizi hufungwa bandeji, wenzake wakacheka kicheko cha woga. Akaongeza, akaongeza tena, mwishowe akatapika hapo hapo miguuni pake. Kui akaangua kilio, akaficha uso mgongoni mwa nyanya yake. Hakumtambua mama huyu aliyenyolewa kichwa.

"Ameitapika," Waruguru alisema. "Mmejionea."

Magdalene aliona haya. Alinong'ona kwamba chumvi yote hiyo hata yeye angeitapika. Akavua ile sweta, akaiacha juu ya mtungi. Wengine wakabeba maji yao, wakaingia majumbani bila kutazamana.

Emmah alipiga magoti, akajifuta mdomo. Aliuliza afanye nini tena. Asome Baba Yetu? Ajikate waone damu?

"Mama, niambie chochote, nitafanya. Nipe tu mtoto wangu."

Waruguru alikaza fundo la leso iliyombeba mtoto.

"Najua wewe ni mtu," alisema. "Nilijua tangu ulipokuwa pale getini. Nilimwomba Mungu anirudishie mmoja wenu, na sikukutaja wewe."