Bendera ya Kwenye Gari

Jenereta la ubalozi lilishushwa sokoni Gerezani mchana kweupe, na Balozi mwenyewe hakushuka. Alibaki kiti cha nyuma, vioo vyeusi vimepandishwa, akamwachia dereva wake Elibariki aibu ya kupatana bei.

"Mzee wangu," Chandu wa vipuri alicheka, "mnauza jenereta? Kwani umeme wa Bongo umepona?"

"Nunua, Chandu. Maneno utauza kesho."

Vita vilikuwa kwao Balozi, huko ng'ambo, waasi na serikali wakigombea ikulu. Tangu vianze, pesa ya ubalozi haikuja tena. Yaliuzwa mazulia, vikafuata viti. Mshahara wa Elibariki ukageuka "vumilia". Kadi ya bima ikafa, kisha akafa Caroline, mkewe. Sasa hospitali imemshikilia mochwari mpaka deni lilipwe, na Machame ndugu wameshachimba kaburi kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba, wanapiga simu: mnafika lini? Mke wa Mchaga azikwe Dar, kama mtu asiye na kwao?

Balozi alikuwa ameapa: jenereta likiuzwa, Caroline anatoka.

Elibariki akapitisha noti dirishani. Mkono ukazipokea.

"Twende Kariakoo. Kwa fundi cherehani."

Scholastika alikuwa ameshamaliza kushona: bendera mpya ya gari, rangi za waasi. Wameshinda; mjumbe wao anatua jioni. Balozi akamlipa, akaagiza na ile kubwa ya mlingoti, noti zilizobaki akasema ni za pilau na mbuzi wa mapokezi.

"Mheshimiwa, na mke wangu?"

"Eli, wewe unaidai serikali ipi?"

"Mimi nilikuwa nakuendesha wewe."

"Uliiendesha serikali iliyoanguka. Wadai wao."

"He! Wao wameanguka," Scholastika akadakia, "wewe umebakije umesimama?"

Balozi akaenda mbele ya gari. Alichomoa bendera ya zamani kwenye kijiti cha gari, akamtupia dereva kifuani.

"Pamba safi hiyo. Futia kioo."

Elibariki akaikunjua. Isingefunika hata miguu ya Caroline. Manyunyu yalikuwa yameanza, kioo kimejaa vumbi la Gerezani.

"Futa basi, tunachelewa!"

Akafuta. Kitambaa kikachuja rangi, wekundu ukatiririka kioo kizima, na kila alipozidi kufuta ndivyo ulivyozidi kutapakaa. Mfukoni simu ikaanza kuita. Machame.