Kushindania Presha

Mwaka wa 1958 Kisilu alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha Thika. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na shemeji mwenye majigambo. Huyo shemeji, Ndambuki, kakake mkewe Nduku, alipika kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, na presha alikuwa nayo vilevile. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi walikaa benchi moja kwenye zahanati ya misheni. Dresa Githinji, mhudumu wa zahanati hiyo, aliwafunga kitambaa mkononi, akakijaza pumzi, akasikiliza, kisha akasoma zebaki kwenye kipimo.

"Mia moja sitini," Ndambuki alitangaza mwezi wa tano, akishusha mkono wa shati. "Wewe je?"

"Mia moja themanini na tano."

"Pole, shemeji. Damu yako bado inajiona kijana."

Maneno hayo yalimkaa Kisilu rohoni. Jumanne ya mwezi uliofuata, badala ya vidonge viwili vya kushusha presha alimeza vinne, akashika njia ya zahanati akicheka peke yake.

Jina lake lilipoitwa aliinuka upesi. Ukuta ukazunguka, akaangukia mapaja ya Ndambuki.

Githinji alimlaza kitandani, akampima. Mia moja arobaini.

"Umesikia, shemeji?" Kisilu alinong'ona.

Githinji akamkalisha taratibu, akampima tena. Tisini na tano: presha ilishuka mara tu alipoinuka.

"Mzee, leo umemeza vingapi?"

Kisilu alitazama vidole vyake vya miguu. "Vinne."

"Nakupima nijue dawa ya kukupa. Ukinificha, nitakupa dawa kwa kubahatisha, na siku moja utaangukia moto wa boila."

Kisilu alingoja kicheko cha shemeji yake. Hakikuja. Ndambuki alikuwa akikunakuna shingo.

"Daktari," alisema mwishowe, "mwezi uliopita mimi nilimeza vitatu."

Githinji aliwatazama wote wawili, akafuta hesabu zake kwenye kadi ya Ndambuki, akaanza upya.

Adhuhuri walitembea polepole hadi nyumbani kwa Kisilu, Makongeni, wakipumzika kila palipokuwa na kivuli. Nduku alipopata habari alicheka mpaka akashika mlango.

"Watu wenye wajukuu!" alisema, akawapakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

Mwezi wa saba zebaki ilisema mia moja sabini kwa mmoja, na mia moja sabini na mbili kwa mwingine. Walimeza viwili viwili, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake amepata ngapi.