Zamu ya Kufua ya Mama Noeline

...arobaini na sita, bado watatu, sisi ni arobaini na tisa, kikaratasi cha namba amekishika Mama Noeline kwa vidole viwili kama hostia ya komunyo, na mimi nimekumbatia mkoba wenye kile kitabu cha sheria ya ushahidi, nimekibeba mpaka hapa ofisi ya nyumba, Farsta, huku kwa Waswidi, eti nikipata dakika mbili nirudie sura ya tano, maana mtihani ni Jumamosi, siku nne tu, mtihani wa kuingia uhakimu kwetu Tanzania, unafanyiwa hapa hapa ubalozini, na mwisho wa umri ni miaka arobaini, nami mwezi wa tisa naifikisha, kwa hiyo ni Jumamosi hii au basi, nizeeke nikifunga maboksi kwenye bohari kule Jordbro, mimi niliyekuja mwaka sabini na tisa kwa kozi ya miezi tisa tu... haya, Clementina, jitahini mwenyewe, shahidi aseme alichokiona kwa macho yake, si alichosimuliwa, wewe uliona nini? Niliona zulia. Zulia la bafuni, la kijani, lina mpira upande wa chini, na pale chini, chumba cha kufulia cha jengo zima, ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba kitu chenye mpira kisiingie kwenye kabati la joto la kukaushia nguo, na Kiswidi nakisoma vizuri sana, nikalitia, nikafungulia joto mpaka mwisho, nikapanda juu na kitabu changu, watoto walishalala, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye sura ya ukiri wa mshtakiwa na sikutaka kuikatiza njiani... sura ya ukiri, jamani. Moshi ukajaa ngazi zote, wazima moto wakaja, hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe, lakini kabati limekwisha na kuta mbili ni nyeusi, na kwenye ubao wa zamu za kufua, ambapo kila mpangaji hufunga kikufuli chake kwenye saa yake, kikufuli kilichokuwa kwenye saa ile kina namba ya nyumba ya Mama Noeline, si yangu, kwa sababu saa ile ilikuwa yake, alinipa, kama kwetu unavyompa jirani chumvi, alijua kwangu kuna watoto watatu na redio, na kule chini kuna meza na utulivu, akasema chukua zamu yangu, Mama Cyprian, mimi nitafua kwenye beseni, wewe soma. Nani kati yetu aliwaza kwamba hapa zamu haipewi mtu, kwamba mwenye namba ubaoni ndiye mwenye kosa... hati ni ushahidi, sura ya saba.

Arobaini na saba, mzee mmoja anainuka, anavua kofia kabla hajafika dirishani, na Mama Noeline ananiinamia, ananikumbusha nisisahau kumwambia yule dada wa dirishani kwamba mtoto ndiyo kwanza ameanza shule hapo jirani, wasimhamishe katikati ya mwaka, namjibu sitasahau, maana mimi ndiye mkalimani wake leo, ndiyo, mimi huyuhuyu, yeye Kiswidi chake ni cha kusalimia na kununua maziwa, Kiswahili chenyewe alikiokota Nairobi alipokimbilia kutoka Uganda, kila barua namsomea mimi, hata hii iliyotuleta leo nilimsomea mimi, mezani kwake, chai yake mbele yangu, nikaisoma kwa sauti kavu ya karani wa mahakama, kwamba mpangaji amesababisha moto kwa uzembe, kwamba hili ni onyo la pili, la kwanza likiwa la mwaka jana, lile la matanga, habari ya kufa kwa kaka yake ilipofika tukaenda kulia naye na majirani wakalalamikia kelele, na kwamba kwa onyo la pili huenda akaondolewa kwenye nyumba, aje ajieleze. Nikaishia hapo, nikasema, Mama Noeline, si wewe, ni mimi. Akaweka kikombe. Akasema anajua, na nisithubutu kumwambia mtu, kwa sababu alikuwa anajua pia habari ya barua ya tabia njema, ile ambayo mtahiniwa lazima aipate kwa mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba wangu ni ofisi hii hii, na barua yangu naichukua leo, dirisha hilo hilo, nikishamaliza kumfasiria. ‘Petero, mume wangu, askari walimchukua mchana,’ akaniambia, ‘kitambaa cha kufutia vyombo kiko begani kwangu. Nilizunguka miezi mitatu natafuta mtu mmoja tu kwenye kiti cha hakimu, anisikilize. Sikupata. Wewe nenda ukae kwenye hicho kiti.’ Na mimi nikafanya nini? Nikamaliza chai. Nikashukuru. Nikashuka ngazi nikiwa mwepesi, naona aibu kulisema, lakini mwepesi kweli, na chini nikamkuta Noeline na begi lake la shule, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi kama wanavyojibu watoto wote wa huku, akaniuliza kama watahama, nikamwambia kwa Kiswidi safi kwamba hapana. Hukumu yangu ya kwanza hiyo, nimeitoa ngazini, kwa mtoto wa miaka saba.

Kiti... kiti nakijua, nilikaa miaka sita pembeni yake kwenye mahakama ya mwanzo, kwetu Mahenge, naandika, na siku moja ya kesi ya kuku, kuku jamani, wala si ng'ombe, Hakimu Kasiani aliweka kalamu chini kabla shauri halijaanza, akawaambia wazee wa baraza, siwezi, mdaiwa huyu juzi aliniazima baiskeli yake, akatoka nje, tukasubiri wiki mbili hakimu wa tarafa ya pili aje, na mimi karani nilicheka mpaka nikajifunika daftari, nilimwona mshamba, mtu mzima anakimbia kuku. Sasa jambo lile lile, hakimu kujitoa kwenye shauri linalomgusa, nalisoma kurasa tisa, napiga mstari kwa wino mwekundu, nalikariri nikifunga maboksi, na bado nimekaa hapa najiandaa kuingia mle ndani niseme kwa niaba yake mimi ndiye niliyewasha, mimi ndiye niliyesahau, naomba radhi, kila neno kweli tupu kinywani mwangu na uongo mtupu kwenye faili lake, yule dada ataandika, ataniambia asante kwa msaada, kisha atanipa barua inayosema mimi ni mwema. Nyani haoni kundule. Na huyu mama anataka nikikalie kile kiti, nami kumbe nitakuwa nimemkalia yeye, yeye na Noeline na begi lake, na siku mwanamke wa Mahenge atakaposimama mbele yangu na kitambaa begani, aseme nisikilize tu, nitamsikiliza kwa masikio gani... naogopa, Mama yangu, naogopa kweli, miaka arobaini, maboksi, Jordbro, hakuna mtihani mwingine, wakiikataa barua basi imekwisha, najua, imekwisha...

Arobaini na nane. Mama mwenye kigari cha mtoto anakwenda dirishani, na Mama Noeline anajiweka sawa kitambaa cha kichwa, anasugua viatu vyake vya kanisani nyuma ya mguu, kwenye soksi, kimoja, halafu cha pili.

‘Mama Noeline,’ nasema, na sauti inatoka ndogo kuliko nilivyotaka, ‘tukifika pale, nitamwambia yule dada akutafutie mkalimani mwingine. Mimi siwezi. Kesi ni yangu.’

Hanitazami. Anautazama mkoba wangu, kitabu kinavyouvimbisha, kisha anakikunja kile kikaratasi cha namba mara mbili na kunitia kiganjani, zamu sasa ni yangu, na ubao ule juu ya dirisha bado unasema arobaini na nane.