Mgeni wa Beti

"Nichongee tatu," mwanamume yule alisema, akiusukuma ufunguo juu ya kaunta. "Nazitaka sasa hivi, mzee."

Emrys Tudball aliugeuza ufunguo chini ya taa. Mwaka wa thelathini na moja huu alikuwa akitengeneza viatu na kuchonga funguo katika soko la mji wa Llanelli, na kila ufunguo aliouchonga aliutia alama ya tupa kichwani, ndogo kama ukucha wa mtoto. Alama ilikuwepo, na meno yake aliyatambua. Ulikuwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, ile ya ghorofani aliyorithi kwa shangazi yake na kumpangisha Beti Hopcyn.

"Mashine imekwama," alisema. "Njoo Ijumaa."

"Imekwama? Nimeisikia ikilia nikija."

"Ndivyo inavyokwama. Inalia kwanza."

Mtu yule alimtazama kidogo, akachukua ufunguo, akaondoka akipiga mluzi.

Beti alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mambo yalichelewa kumwingia akilini. Barua alisomewa na mama yake, na mama alipofariki akawa anasomewa na Emrys. Aliosha vyombo mkahawani, hapo hapo sokoni, na kwa miaka tisa aliishi peke yake bila jirani kumsikia. Jumatatu alikuwa ameleta viatu vyake. Soli alizobandikiwa Septemba zilikuwa zimelika zote, na Emrys akailaumu ngozi. Sasa alivishusha rafuni akavikagua upya. Visigino vimekwisha, matope ya bustani yamekaukia kwenye mshono. Toka kwake hadi kazini ni hatua mia mbili tu. Mwenye viatu hivi alikuwa akizunguka kutwa.

Alitaka kupanda ghorofani akamtoe yule mtu kwa mikono yake. Badala yake alimpigia simu askari wa mtaa, mwanamke mwenye sauti ya uchovu.

"Usipande," alimwambia. "Ukimfokea, atakayeumia ni Beti ukishaondoka. Tena nyumba ni yako, ila mlango ni wake, huingii bila notisi. Mkute peke yake, mbali na pale. Muulize, kisha nyamaza."

Beti alikuja jioni kufuata viatu, aproni bado imelowa. Emrys akamvutia kigoda.

"Una mgeni, Beti?"

"Darran. Rafiki yangu. Ananiita malkia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya fataki."

Fataki za mwanzoni mwa Novemba; majuma matatu sasa. Emrys akapaka gundi, akanyamaza kama alivyoelekezwa.

"Rafiki zake wakija mimi natoka," Beti alisema baadaye. "Nikirudi mapema anakasirika."

"Unalala wapi?"

"Bafuni. Kwenye beseni la kuogea. Nimetia mto, si pabaya." Akakunjakunja ncha ya aproni. "Utanifukuza, Bwana Emrys? Darran kasema ukijua utanifukuza. Eti mkataba unakataza wageni."

"Mkataba niliuandika mimi. Haukatazi, na wewe sikufukuzi. Mimi nauliza moja tu: unataka akae au aondoke?"

Beti alifikiri sana. Gundi ilikauka kwenye brashi.

"Siku za mwanzo alinipikia soseji," alisema. Kisha, polepole: "Nakitaka kitanda changu."

Alhamisi asubuhi walipanda ngazi: askari wawili, Beti, na Emrys nyuma na kisanduku cha vifaa. Beti ndiye aliyesema, kwa maneno aliyoyarudia njia nzima: "Hii ni nyumba yangu. Nataka utoke." Darran hakubisha. Alijaza begi, akavaa koti, akasimama mbele ya Beti.

"Utanikumbuka wewe," alisema kwa upole. "Nani mwingine atakaa na wewe?"

Emrys aliona afadhali angetukana. Alibadilisha kitasa, akampa Beti funguo mpya. "Zote ni zako."

"Na wewe?"

"Nikija nitabisha."

Kuanzia hapo kila aliyesimama kaunta kwake alifanana na Darran. Aliyeuliza saa, alimshuku. Aliyepiga mluzi, alimfuata kwa macho hadi mlango wa soko. Ijumaa Beti hakufika kazini. Jumamosi adhuhuri Emrys alinunua samaki na chipsi za watu wawili, akapanda ngazi, akabisha.

Nyuma ya mlango, sauti ya mwanamume ikisema jambo na kucheka.

"Beti," aliita. "Uko na mtu humo?"

"Niko na televisheni."

"Una hakika?"

"Unauliza kama yeye," alisema. "Naye kila siku aliniuliza niko na nani."

Emrys alibaki amesimama, karatasi ya chipsi ikimchoma vidole.

"Nimeleta samaki," alisema mwishowe.

"Umetia siki?"

"Nimetia."

"Nyingi?"

"Nyingi."

Mlango haukufunguka. Aliweka fungu moja kizingitini, taratibu, kisha akashuka vidato vitatu, akaketi ameupa mlango mgongo, akafungua karatasi yake. Chipsi zilikuwa zimeanza kulainika. Alikula mbili, tatu.

Ndani, sauti ya televisheni ikapunguzwa.