Lipa Tu Deni

Naapa kwa mguu wangu wa kushoto, ule ambao haujawahi kuumwa, kwamba haya yote ni kweli tupu. Nikizidisha hata neno moja, mguu huo ukauke nikiwa njiani kwenda kuchukua pensheni. Jina la nchi iliyotutia tumbo joto silitaji. Mtu aliyekwisha kulipa mbuzi hajiongezei kesi.

Sisi wenye hisa za Saruji Pundamilia hapa Kasulu tulikuwa watatu. Mimi Tharsisi, niliyechambua barua posta miaka thelathini na mmoja, na shule yangu yote niliisoma kwenye bahasha za watu. Shamsi, muuza misumari na saruji pale sokoni. Na Mama Generosa wa Muyama, mjane, ambaye marehemu mumewe alimwachia hisa hizo pamoja na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo. Hisa hakuwahi kuzielewa. Bihogo alimwelewa vizuri sana, maana maziwa yake ndiyo yalikuwa chumvi, sabuni na dawa za presha.

Mwezi wa tatu, simu zetu zote tatu zililia siku moja. Kampuni ilituandikia kwamba serikali ya nchi ile inaidai kodi ya miaka sita kwa saruji iliyouzwa huko. Kampuni inapinga. Baadhi ya mali zimezuiliwa. Tutawajulisha.

Mama Generosa alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la Shamsi, simu ameishika kwa ncha za vidole kama kiazi cha moto.

"Mwakeye, Mzee Tharsisi. Wewe ndiye msomaji. Mali gani hizo zimezuiliwa?"

Mtu mwema angesema sijui. Lakini neno hilo mdomo wangu haukulizoea tangu utoto. Nikatazama mfuko wa saruji uliokuwa mlangoni. Chini ya picha ya pundamilia, baada ya jina la kampuni, kulikuwa na herufi tatu.

"Mama, unaziona hizi? L, T, D. Umewahi kujiuliza ni nini?"

"Oya, sijawahi."

"Lipa Tu Deni. Kampuni ikielemewa, mwenye hisa analipa. Na wanaanza na vyenye miguu minne."

Nilingoja wacheke. Shamsi alikuwa anapima misumari, akageuka, uso hauna hata chembe ya mzaha. Mama Generosa aliinama, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja. Lipa. Tu. Deni. Balaa ni kwamba zilikubali! Akaondoka bila kuaga.

Nilitaka kumkimbilia, naapa kwa mguu uleule. Lakini Shamsi akanidaka.

"Mzee wangu, na pikipiki? Ina miguu miwili tu."

"Wanaihesabu mara mbili," nikasema. Ndivyo nilivyo.

Shamsi akampigia shemeji yake, Khamisi, aliyeko Kibondo. Basi uongo wangu ukaenda Kibondo kwa miguu, ukarudi kwa basi umevaa suti. Siku ya Alhamisi nilikuwa stendi nikinunua karanga, nikamsikia kondakta wa basi la Kibondo akiwahadithia abiria: watu wa kodi kutoka nje wameshaingia, wana orodha ya majina, na mwenye hisa mmoja amechukuliwa ng'ombe wake mchana kweupe, amefungwa kamba ya bluu.

Kamba ya bluu! Mimi katika uongo wangu sikuweka kamba. Jambo likishakuwa na kamba, na kamba ikawa na rangi, ujue kuna mtu ameiona. Karanga nikamwachia muuzaji.

Njiani nilijaribu kujicheka, kicheko kikakataa kutoka. Nikajiuliza, ewe Tharsisi, nani alikwambia kwamba zile herufi si Lipa Tu Deni? Huijui maana yake nyingine. Pengine ulikusudia mzaha, ukaropoka kweli.

Sijafika kwangu, simu ikalia tena. "Ndugu mwanahisa, tafadhali hakikisha kampuni ina anwani sahihi ya makazi yako."

Nikageuka kutazama nyuma. Makazi yangu ya nini?

Nilikuwa na beberu mmoja, jina lake Posta. Nilimwingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikaitumbukiza simu kwenye debe la unga wa muhogo. Gari jeupe likasimama barabarani, wakashuka wanaume wawili na karatasi mkononi, wakawa wanaitazama nyumba yangu. Niliingia uvunguni. Posta akapanda kitandani. Tukakaa hivyo, yeye akitafuna shuka na mimi nikisikiliza moyo wangu ukipiga sakafu, mpaka gari likaondoka. Baadaye nilisikia walikuwa watu wa maji, wanatafuta bomba linalovuja.

Ijumaa asubuhi Shamsi akanipitia, akaongea nami kupitia tundu la mlango kwa sababu sikufungua.

"Mzee Tharsisi, Mama Generosa kesho anampeleka Bihogo mnadani. Afadhali amuuze kabla hawajamfikia. Mchinjaji ameshajua ana haraka, amempa bei ya kulia."

"Amefanya vyema," nikajibu, na sauti yenyewe haikuwa yangu.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mwanamke anauza uhai wake, nami nimekaa na mbuzi gizani, kimya. Ili niseme nilidanganya, ilibidi niwe na hakika kwamba nilidanganya. Na hakika hiyo ilikuwa imeniponyoka.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa.

"Hodi, Mzee! Mimi Mwalimu Loyce." Huyu ni mwalimu wa biashara sekondari, mwenyeji wa Tukuyu, amehamishiwa huku. "Niko na Mama Generosa na Shamsi."

"Sipo," nikasema.

"Huyu mama amekuja kwangu nimwandikie serikali ya nchi ile barua, waache ng'ombe wake. Nimeandika mistari miwili, kalamu ikagoma. Hizo herufi ni kifupi cha 'Limited', maana yake dhima ina kikomo. Kampuni ikishindwa kesi, hisa zenu zinaweza kubaki karatasi tupu, hilo mliogope kabisa. Lakini hasara inaishia hapo. Haivuki kizingiti cha mtu."

"Sasa makazi yangu wanayatakia nini?"

"Wakutumie barua ya mkutano! Wewe si mtu wa posta?"

Nikafungua mlango kidogo, nikakunja uso kama msomi.

"Mwalimu, hata mimi niliwaambia hivyohivyo. Hawa hawakunisikia vizuri. Mimi nimwogope nani? Sina hofu hata..."

"Meeee!" Posta akalia kutoka kitandani.

Wakatazamana. Shamsi akanipita, akafungua chumba. Beberu alikuwa amelala juu ya mto wangu, na kipande cha shuka kinaning'inia mdomoni.

"Yewe!" Mama Generosa akasema polepole. "Umeuogopa uongo wako mwenyewe."

Hakucheka. Macho yalikuwa mekundu. "Siku tatu nimemficha Bihogo migombani. Hali majani, maziwa yamekatika. Kesho ningemwona kwenye ndoano ya bucha."

Sikuwa na hadithi. Nawaambia, miaka sabini na moja, mara ya kwanza sikuwa na hadithi.

Akafungua kamba aliyojifunga kiunoni, ile aliyokuwa ameiandaa kumpelekea Bihogo mnadani. Akamvika Posta shingoni. Nikaitazama ile kamba. Ilikuwa ya bluu.

"Mama, angalau niachie..."

"Lipa tu deni," akasema.

"Lipa tu deni, mzee wangu," Shamsi akaitikia, na mwalimu naye, msomi mzima, akadakia.

Nikamshika Posta pembe, nikamvusha kizingiti mwenyewe.