Tundu la Pili

Kaka yangu Yousuf ni nahodha mzuri, lakini ubishi anao, Mungu ampe subira mkewe. Daktari alimwambia wazi: pumu yako inachochewa na unyevu unaolala nao. Ukiendelea kulala kwenye chumba kile, bahari ndiyo basi. Yeye akarudi nyumbani, akanywa chai, akaanza kupanga safari nyingine.

Chumba chenyewe kiko chini ya sitaha ya mashua yetu, tunayopelekea wageni hifadhi ya Saadani siku tatu tatu. Mlango mmoja katikati, dirisha hakuna. Magodoro yananuka kuvu. Na sisi tulivyo, kitu kikinuka tunakifukizia udi. Miaka yote mimi Mayasa nimeteremka humo na chetezo kabla ya kila safari, nikidhani nasafisha.

"Natoboa sitaha, hewa iingie," nikamwambia.

"Hutoboi. Mbao zile kazipigilia baba kwa mkono wake. Na maji yakiingia?"

"Nitalivika tundu kofia. Kona ya bomba la plastiki, mdomo unatazama mbele."

"Nimesema hutoboi, Mayasa!"

Nikangoja aende sala ya Ijumaa. Mashua ilikuwa nangani, omo, yaani mbele yake, linatazama upepo. Nikachukua keekee, nikatoboa hukohuko mbele. Aliporudi alikuta kofia nyeupe imeshashikwa na gundi. Alinifokea mpaka wavuvi wa mashua ya jirani wakaacha kushona nyavu.

"Ukimaliza kufoka, njoo uone," nikasema, nikateremka na chetezo changu.

Akanifuata. Nikafunga mlango, kama siku ya mvua, nikatia udi kwenye makaa. Yarabi, aibu! Moshi ulipanda, ukatuama juu ya vichwa vyetu. Upepo upo, tundu lipo, hewa haiji. Yousuf alicheka, mara moja tu. Kifua kikaanza kupiga filimbi.

Niliruka nikafungua mlango. Palepale upepo ukaingia kwa nguvu kwenye kofia, ukanipiga shingoni, moshi ukakimbilia mlangoni: kumbe hewa ilikosa pa kutokea. Isipokuwa ule wa nyuma kabisa, juu ya kitanda. Ule haukutikisika.

"Toka nje, kaka, nakuomba."

Hakutoka. Alivuta dawa yake ya pumu, macho yako pale kitandani. Kitanda hicho analala yeye sasa. Zamani alilala baba.

"Baba alikohoa humu miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na miwili."

"Na sisi tukasema ni uzee."

Nikakisogeza chetezo mbali naye, kwa sababu miaka yote kumi na miwili aliyekuwa akimfukizia ni mimi.

Yousuf akanyoosha mkono. "Lete hiyo keekee."

Akatoboa mwenyewe, tezini, nyuma kabisa ya mashua, juu ya kitanda, kwenye ubao wa baba. Akalivika tundu kofia ya pili, mdomo unatazama nyuma. Tukafunga mlango tena. Moshi ulipita juu ya kitanda, ukatoka wote.

Safari iliyofuata alilala humo siku tatu, mlango umefungwa kwa mvua, na dawa ilirudi mfukoni haijaguswa. Chetezo nimekiacha nyumbani. Mashuani hakipandi tena.